Majina ya Mungu Yaliyozaliwa Katika Shida

Kwetu Usukumani jina la mtoto halitolewi hivi hivi. Ukisikia Kulwa na Doto unajua ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata. Nyanzala alizaliwa wakati wa njaa. Jina linasimulia jambo lililoipata kaya ile. Waebrania nao walikuwa na desturi ya namna hiyo, na mengi ya majina waliyomwita Mungu yana kisa ndani yake. Tukivijua visa hivyo, tutayatumia majina hayo kwa imani wala si kama hirizi.

Jina la herufi nne

Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 utaona mara nyingi neno BWANA kwa herufi kubwa. Mahali hapo Kiebrania kina herufi nne, YHWH, jina ambalo Mungu alimjulisha Musa penye kijiti kilichowaka moto. Kwa heshima Wayahudi hawalitamki, bali husoma Adonai, yaani Bwana wangu. Baadaye wasomaji walichanganya herufi hizo nne na irabu za Adonai, likapatikana "Yehova". Wataalamu wengi hudhani lilitamkwa Yahweh. Basi mama anayeomba akisema "Bwana" hapungukiwi kitu mbele za Mungu.

Hajiri kisimani, Hana hekaluni

Je, unajua ni nani wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina? Si Ibrahimu wala Musa. Ni Hajiri, mjakazi wa Kimisri, mjamzito, aliyekimbia mateso ya bibi yake (Mwanzo 16). Malaika alimkuta penye chemchemi jangwani, naye akamwita Mungu El-Roi, Mungu anionaye. Mtoto wake akaitwa Ishmaeli, maana yake Mungu husikia.

Jina Yehova-yire, ambalo wengi tunaliona limeandikwa kwenye mabasi na maduka, limetoka katika neno lile lile la "kuona". Ibrahimu alipaita hivyo mahali pale mlimani, alipopewa kondoo badala ya Isaka (Mwanzo 22). Kwa Mungu, kuona ni kushughulika. Mama ambaye mume wake amekwenda machimboni Geita, na miezi inapita bila habari wala matumizi, anaonekana na Mungu huyo.

Hana naye alidhihakiwa kwa kukosa mtoto. Ndiye wa kwanza katika Biblia kusikika akimwomba Mungu kwa jina la BWANA wa majeshi (1 Samweli 1). Jina la vita lilitamkwa na mwanamke mwenye machozi, ambaye kuhani alimdhania kuwa amelewa.

Mponyaji na maji ya Mara

Hapa nazungumza kama muuguzi. Wengine hufundishwa kwamba mtoto akiwa na homa, mama akeshe akirudia "Yehova-rafa" mpaka homa ishuke. Wodini tumewapokea watoto walioletwa siku ya tatu, wakiwa tayari wana degedege, damu imepungua, mama yuko hoi kwa kuomba. Wengine tuliwapoteza.

Soma Kutoka 15. Mungu alijiita Mponyaji huko Mara, mahali palipokuwa na maji machungu yasiyonyweka. Musa alimlilia Mungu, kisha akaonyeshwa mti, akautupa majini kwa mkono wake. Maombi na kazi ya mikono vilikwenda pamoja. Sisi wa Shinyanga tunayajua maji mabaya: visima vingi vina madini ya floraidi yanayoharibu meno ya watoto. Maji ya Ziwa Victoria yalipoletwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama mwaka 2009, tulimshukuru Mungu, na mafundi waliyachimbia mtaro.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mtoto akipata homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege, usingoje kuche. Omba njiani.

Na asipopona?

Naomi alizika mume na wana wawili katika nchi ya Moabu. Aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wamwite Mara, yaani uchungu, akasema wazi kwamba Mwenyezi, kwa Kiebrania Shadai, ndiye aliyemtenda hivyo (Ruthu 1). Hakukemewa. Kilio chake kimo katika Biblia hadi leo. Aliyefiwa asiambiwe kwamba alikosea kutamka jina au kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Mkalie karibu, mpikie uji, mchotee maji.

Juma hili msome Mwanzo 16 pamoja na watoto wenu. Kisha waulizeni: sisi katika nyumba hii, kwa yale tuliyopitia, tungemwita Mungu nani?