Bomba la hewa la moteri ya kusagia: plastiki, alumini ao chuma?

Koperative nyingi zinaweka mashini ya kusagia mihogo na mahindi ndani ya kajumba kadogo, moteri ya mazutu ikibanwa na ukuta. Filtri ya hewa inakosa nafasi, basi fundi anatengeneza bomba lililopinda kati ya filtri na moteri. Tunaomba komite zisimwachie fundi peke yake kuchagua. Bomba likivuja, vumbi linaingia bila kupitia filtri, linakula silinda na pete za pistoni, na sanduku la koperative ndilo litalipa.

Bomba la maji la PVC ni la bei ndogo, lakini linaanza kulegea kwenye joto la digri 80 hivi. Karibu na bomba la moshi halifai kabisa. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu. Ila mashini ya kulehemu ya kawaida haiiwezi vizuri. Sisi tunachagua chuma. Upana wa ndani usipungue ule wa tundu la moteri, na kona isiwe kali. Kabla ya kufunga, ondoeni mabaki yote ya kulehemu ndani. Kipande kimoja kikimezwa, moteri imekufa.

Mpira wa kuunganisha uwe mfupi na mgumu, maana ule laini moteri inaufyonza mpaka unajibana.

Kazi ikiisha, washeni moteri polepole, zibeni mdomo wa filtri kwa ubao. Inapaswa kuzima. Isipozima, kuna mahali inapumulia: tafuteni.