Mgema hodari na saa ya kazi

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayetufuata katika ukurasa huu, juma hili tuingie karakana moja jijini Arusha. Usiitafute, maana ni ya mfano tu. Lakini ukitembea kutoka Njiro hadi Unga Limited hutakosa kuona inayofanana nayo. Ni karakana ya magari ya watalii. Saa moja na nusu asubuhi mafundi saba wamekwisha vaa ovaroli na kuanza kazi. Gari moja linatakiwa liondoke saa tatu kwenda Ngorongoro, lakini lina hitilafu ya umeme. Na fundi umeme hayupo.

Saa mbili hayupo. Saa mbili na robo dereva analizunguka gari kama mtu aliyepoteza shilingi, na wageni wako hotelini, mabegi yao mlangoni. Saa mbili na dakika ishirini fundi anaingia, suruali ina matope hadi magotini. Anasalimia, anafungua boneti, na baada ya robo saa gari linawaka. Dereva anacheka, meneja anashusha pumzi, na saa tatu kamili gari linashika njia ya Makuyuni. "Huyu bwana ni kiboko!" anasema meneja. Na habari ya kuchelewa inaishia hapo.

Inaishia hapo kwa meneja. Kwa wale mafundi saba haijaisha.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi wetu tukiusema msemo huo tunamlaumu mgema. Leo mimi nataka tumtazame yule anayesifu. Je, alipokunywa tembo la kwanza lenye maji, alisema neno? Au alijipangusa midomo, akasifu tena, kisha akaenda kulalamika kwa jirani?

Mwajiri anayemnyamazia fundi hodari hudhani kwamba anafanya wema, au kwamba anatumia akili. Anajiambia, nikimgusa ataondoka, na fundi kama huyu nitampata wapi? Lakini ukimya huo una gharama, na wanaoilipa ni wengine. Pale karakanani yupo kijana mwanagenzi anayetoka Ngaramtoni. Kila siku yuko kituoni kabla ya saa kumi na mbili kugombea kifodi. Mwezi uliopita alichelewa siku moja, mvua ya masika ilipomkwamisha njiani, akafokewa mbele ya wenzake. Leo anamwona mkubwa anaingia saa mbili na ushei na kupigwa bega. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba saa moja na nusu si saa ya kazi, ni saa ya wadogo. Usishangae baada ya mwaka mmoja ukiona karakana nzima inafungua macho saa mbili.

Na gharama nyingine inamngoja fundi mwenyewe. Mwajiri anayenyamaza hasamehi. Anaweka akiba ya hasira. Siku gari litakapoondoka saa nne, wageni wakapiga kelele, akiba yote itatolewa kwa mkupuo: "Toka, na kesho usirudi!" Mtu aliyekuwa kiboko Jumatatu anakuwa takataka Jumanne, na kosa lenyewe ni lile lile alilochekewa miaka miwili. Hiyo si haki kwake, na kama tutakavyoona, haipendezi pia mbele ya sheria.

Basi afanye nini? Kwanza, aandike. Achukue daftari la kawaida, aandike tarehe, saa aliyofika kila mfanyakazi, na kazi iliyokwama kwa sababu hiyo. Afanye hivyo kwa majuma sita, kwa wote, bila kelele. Mara nyingi daftari hilo humwambia mtu jambo ambalo hasira haikumwambia. Meneja wetu alipofungua lake aliona kwamba fundi hachelewi kila siku kama alivyodhani. Anachelewa Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine hufika mapema kuliko meneja mwenyewe.

Pili, azungumze naye, wawili tu, pembeni. Asimwite mbele ya watu, wala asianze kwa kusema, "Mbona unanidharau?" Akianza hivyo, fundi atajitetea kuhusu dharau, na habari ya saa itasahauliwa. Aanze na daftari. "Fundi, kaa. Nimeandika majuma sita. Jumanne na Ijumaa unafika baada ya saa mbili. Kuna nini siku hizo?" Kisha anyamaze, asubiri. Kunyamaza hapo ndipo mahali pake.

"Mzee, ni maji," fundi anajibu. "Zamu yetu ya mfereji ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi alfajiri. Mama hawezi tena kwenda kufungua maji gizani. Nikikosa zamu, maharage yanakauka."

Anayezijua tarafa za Mlima Meru hahitaji kuelezwa zaidi. Huko juu ya Tengeru, kama ilivyo kwa Waarusha upande wa pili wa mlima, mifereji ya kumwagilia mashamba ni mali ya jamii tangu enzi za mababu. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ina saa yake. Ukichelewa, maji yanakwenda kwa jirani, na yeye hawezi kulaumiwa. Tazama basi, ndugu msikilizaji: mtu tuliyemwita mchelewaji amekwisha wahi saa moja ngumu kuliko hiyo ya karakana. Kinachomshinda ni kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Simaanishi kwamba kila anayechelewa ana mfereji nyuma yake. Yupo aliyelewa jana usiku. Yupo anayeuguza. Yupo mama anayenyonyesha, na huyo sheria yetu imemtengea nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Na yupo ambaye hana sababu yoyote ila kiburi cha kujua kwamba anahitajika. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, na hutaijua dawa usipouliza ugonjwa.

Tatu, mwajiri ajiulize yeye mwenyewe: je, hiyo saa moja na nusu ni ya kweli? Mlinzi wa zamu lazima afike kwa dakika, maana mwenziwe hawezi kuondoka kabla yake. Mpokea wageni vivyo hivyo. Fundi umeme, siku ambayo gari linaondoka asubuhi, vivyo hivyo. Lakini siku isiyo na safari, je, kuna kinachoharibika akianza saa tatu na kutoka jioni zaidi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa za kawaida: siku 6 kwa juma, saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Haikusema kwamba wote waanze saa moja na nusu. Mkitaka kubadili, mshauriane, muandike, na kila upande ubaki na nakala.

Pale karakanani wakakubaliana hivi. Jumanne na Ijumaa fundi aanze saa tatu, na afidie jioni. Gari lolote linaloondoka asubuhi za siku hizo likaguliwe umeme jioni ya kuamkia. Siku nyingine saa moja na nusu ni saa moja na nusu, hakuna "lakini". Tena yule kijana wa Ngaramtoni awe msaidizi wake, ajifunze umeme, maana karakana inayomtegemea mtu mmoja iko hatarini hata siku ambazo mtu huyo anawahi. Je, akishikwa na malaria?

Na neno la mwisho katika makubaliano hayo ndilo zito kuliko yote: mpango huo ukatangazwa kwa mafundi wote, na sababu zake, kwa ridhaa ya mwenyewe, tena wakaambiwa kwamba mwingine mwenye sababu ya kweli aje aseme. Bila hivyo, upendeleo ungekuwa ni ule ule, ila sasa umeandikwa kwa wino.

Wapo watakaosema, maneno ya nini? Mkate shilingi elfu tano kila akichelewa, utaona atakavyokimbia. Kwanza, mshahara si mali ya mwajiri kuchezea. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inakataza kukata ujira isipokuwa pale sheria, makubaliano ya hiari ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya mahakama inaporuhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Faini unayoitunga asubuhi ukiwa na hasira haimo humo.

Pili, faini inaweza kuharibu zaidi. Katika mji wa Haifa, Israeli, wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika vituo 6 wakaweka faini ndogo. Matokeo yao, waliyoyachapisha mwaka 2000, ni kwamba wazazi wakazidi kuchelewa. Zamani mzazi aliona haya kumweka mwalimu. Sasa alijiona amelipia. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Ukimtoza fundi hodari elfu tano, umemwuzia ruhusa ya kuchelewa, na kwa mapato yake huenda akaiona rahisi.

Sasa tuseme umeandika, umezungumza, umerekebisha saa, na bado mtu anachelewa. Hapo uhodari wake usiwe ngao. Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 ilikuwa na jedwali la makosa na adhabu zake, zikipanda ngazi kwa ngazi, ili bwana mkubwa asimfukuze mtu kwa kuamka vibaya. Sheria hiyo ilifutwa na ile ya 2004, lakini wazo la ngazi limebaki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka kwanza ushauri na maonyo. Kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu, isipokuwa liwe zito kweli kweli. Na mambo yakifika kwenye kikao cha nidhamu, mfanyakazi apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake, na asikilizwe.

Akiona ameonewa, anazo siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba haki ilitendeka ni mwajiri. Na moja ya maswali yanayoulizwa ni hili: kanuni hiyo uliyomfukuzia, ulikuwa unaitumia kwa wote na wakati wote? Tajiri aliyechekelea miaka miwili atajibu nini? Atasema, "Tulikuwa tunamvumilia"? Uvumilivu usioandikwa na usiosemwa, mbele ya mwamuzi, unaonekana kama ruhusa.

Ndiyo maana nasema samaki mkunje angali mbichi. Mazungumzo ya siku ya tatu ya kuchelewa ni ya dakika kumi na hayamwaibishi mtu. Mazungumzo ya mwaka wa tatu yanahitaji barua, mashahidi na nauli za kwenda na kurudi.

Nimalizie na wewe tajiri, maana nimekuona unatikisa kichwa kwa kuridhika. Daftari lile la majuma sita, jina lako limo? Unafika saa ngapi? Wafanyakazi hawana daftari, lakini wanahesabu. Mwajiri anayeingia saa nne na kuuliza nani alichelewa, huyo anatafuta wa kumfokea, na karakana nzima inajua.

Pale katikati ya Arusha upo mnara wa saa, na vijana wa mjini hupenda kumwambia mgeni kwamba hapo ni nusu ya njia kutoka Cairo hadi Cape Town. Mnara ule hauna saa mbili, moja ya fundi hodari na nyingine ya mwanagenzi. Kama saa ya kazi yako haiwezekani, ibadilishe hadharani. Kama inawezekana, iwe ya wote, kuanzia kwako. Na yule mgema wako hodari, mwambie leo kwamba tembo lina maji, ungali bado unampenda.

Hadi juma lijalo, kwaherini.