Washington: Jina la kijiji cha Uingereza lililogeuka la Wamarekani Weusi

Na Mwandishi Wetu

JINA Washington linapotajwa, wengi hukumbuka mambo matatu: mji mkuu wa Marekani, Rais wa kwanza wa taifa hilo, na mwigizaji maarufu wa filamu, Denzel Washington. Ni wachache wanaofahamu kuwa asili ya jina hilo ni kijiji cha wakulima kilichokuwapo kaskazini mwa Uingereza, na kwamba nchini Marekani karibu watu tisa kati ya kila kumi wanaolitumia kama jina la ukoo ni weusi.

Hakuna jina jingine miongoni mwa majina ya ukoo yanayotumika sana nchini humo lenye kiwango kikubwa namna hiyo cha watu weusi. Safari ya jina hilo kutoka kwa wamiliki wa ardhi wa Kiingereza hadi kwa wajukuu wa watumwa inaeleza mengi kuhusu maana ya jina kwa mtu aliyewahi kunyimwa haki ya kuwa nalo.

Shamba la watu wa Hwassa

Wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa neno Washington linatokana na Kiingereza cha kale, na limeundwa kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni jina la mtu aliyeitwa Hwassa au Wassa. Cha pili kina maana ya jamaa au watu wa mtu huyo. Cha tatu, ambacho ndicho kilichozaa neno la Kiingereza la mji, hapo zamani kilimaanisha shamba lenye makazi.

Kwa hiyo, maana yake ni shamba la watu wa Hwassa. Utaratibu huo wa kutaja mahali kwa jina la mwenyeji si mgeni kwa wakazi wa Dar es Salaam, ambao kila siku hupanda na kushuka katika vituo kama Kinondoni kwa Manyanya.

Uingereza ina sehemu mbili zenye jina hilo. Moja ipo Sussex, upande wa kusini, na nyingine ipo kaskazini, katika eneo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa sehemu ya Durham. Hiyo ya kaskazini ndiyo chimbuko la ukoo uliokuja kumtoa Rais.

Katika karne ya 12, wenye ardhi wengi wa Uingereza walikuwa wakijulikana kwa majina ya maeneo waliyoyamiliki. Mmoja wao, William de Hertburne, alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham, akaiacha Hertburne na kupewa kijiji cha Wessyngton, kama kilivyoandikwa wakati huo. Alipohamia huko alibadili na jina, akawa William de Wessyngton. Kumbukumbu za ardhi za askofu huyo za mwaka 1183 zinataja mabadilishano hayo.

Baadaye utaratibu wa majina ya ukoo ulienea hadi kwa watu wa kawaida. Wapo waliochukua majina ya kazi, kama Smith, yaani mhunzi, au Taylor, mshona nguo. Wengine walitumia majina ya baba zao, kama Johnson, mwana wa John. Kwa kuwa wahunzi walikuwa kila kijiji, akina Smith wakawa wengi mno. Kwa kuwa kijiji cha Washington kilikuwa kidogo, wenye jina hilo wakabaki wachache. Tofauti hiyo ya idadi ilikuja kuwa na athari kubwa upande wa pili wa bahari.

Kutoka Sulgrave hadi Virginia

Vizazi kadhaa baadaye, tawi moja la ukoo lilihamia Lancashire, na kutoka huko Lawrence Washington akaenda Northampton, alikofanya biashara ya sufu na kuwa meya. Mwaka 1539 alinunua shamba la Sulgrave, ambalo Mfalme Henry VIII alikuwa amelinyang'anya kanisa. Nyumba ya Sulgrave imehifadhiwa hadi leo na hutembelewa na watalii, wengi wao kutoka Marekani.

Neema hiyo haikudumu. Mjukuu wa ukoo huo aliyekuwa mchungaji huko Purleigh, Essex, naye akiitwa Lawrence, aliondolewa katika kanisa lake mwaka 1643 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akituhumiwa kuwa mlevi. Mwanawe, John Washington, aliamua kutafuta maisha baharini. Mwaka 1657 meli aliyokuwa akifanyia kazi ilikwama katika Mto Potomac, Virginia. John akabaki huko, akaoa, akapata ardhi na kulima tumbaku.

Huyo ndiye babu wa baba yake George Washington, aliyezaliwa Februari 22, 1732, akaongoza jeshi lililouangusha utawala wa Mwingereza, na akawa Rais wa kwanza wa Marekani kuanzia mwaka 1789 hadi 1797. Mji mkuu mpya ulipewa jina lake mwaka 1791, wakati yeye mwenyewe bado yupo madarakani.

George hakuzaa mtoto. Aliyoyalea yalikuwa ya mkewe, Martha, aliyekuwa mjane alipoolewa naye mwaka 1759. Ndugu zake walizaa, lakini ukoo wa weupe wenye jina hilo haukupanuka kama koo nyingine za Kiingereza zilizohamia Marekani.

Watu 317 wa Mount Vernon

Wakati Washington anafariki dunia Desemba 14, 1799, katika shamba lake la Mount Vernon walikuwapo watumwa 317. Kati ya hao, 123 walikuwa mali yake, 153 walitokana na mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, na waliosalia walikuwa wamekodishwa kutoka kwa jirani. Katika orodha aliyoiandika mwaka huo, wengi wao wametajwa kwa jina moja tu.

Kwa wosia wake aliagiza watumwa wake waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Martha aliwaacha mapema, Januari 1, 1801. Wale 153 hawakuguswa na wosia huo, kwa sababu kisheria walikuwa mali ya warithi wa mume wake wa kwanza. Mwaka 1802, Martha alipofariki, waligawanywa kwa wajukuu zake. Kwa kuwa watumwa wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana, familia nyingi zilitenganishwa: baba huru, mama na watoto watumwa.

Lakini yupo ambaye hakusubiri wosia. Harry, mzaliwa wa eneo la Gambia, Afrika Magharibi, alinunuliwa na Washington mwaka 1763. Mwaka 1776 alitoroka na kujiunga na Waingereza, ambao waliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Katika vitabu vya Waingereza aliandikwa kwa majina mawili: Harry Washington.

Baada ya vita alisafirishwa hadi Nova Scotia, Kanada, mwaka 1783, na mwaka 1792 akarudi Afrika pamoja na watu weusi zaidi ya 1,000 walioanzisha mji wa Freetown, Sierra Leone. Huko nako, mwaka 1800, alishiriki katika uasi dhidi ya kampuni iliyotawala koloni hilo, chanzo kikiwa kodi ya ardhi. Akahukumiwa na kufukuzwa mjini. Wakati aliyekuwa bwana wake alipata sifa ya dunia kwa kukataa kodi ya mfalme, yeye alipewa adhabu.

Uhuru na jina la pili

Katika mfumo wa utumwa wa Marekani, mtumwa hakutambuliwa kisheria kuwa na ndoa wala jina la ukoo. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina yao. Hiyo haina maana kwamba wenyewe hawakuwa nayo. Wanahistoria wameonyesha kuwa familia nyingi zilikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia kwa siri, mbali na masikio ya mabwana.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu wapatao milioni nne walikuwa huru. Ili kusaini mkataba wa kazi, kuandikisha ndoa, kupeleka mtoto shule au kupiga kura, walihitaji jina la pili. Wapo waliochukua la bwana wa mwisho. Wapo waliorejea la bwana wa zamani, si kwa mapenzi, bali ili ndugu waliouzwa mbali waweze kuwatafuta. Wengine walijichagulia jipya kabisa.

Mfano maarufu ni wa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856 huko Virginia. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1901, anasimulia kuwa siku alipoingia darasani aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au matatu, ilhali yeye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika, alimwambia mwalimu kuwa anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Mtoto huyo alikuja kuongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, tangu kilipoanzishwa mwaka 1881 hadi kifo chake mwaka 1915, na kuwa msemaji mashuhuri wa Wamarekani Weusi wa zama zake.

Takwimu zinasemaje

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo la Washington. Asilimia 90 kati yao walijitambulisha kuwa weusi. Jina lililofuata kwa kiwango hicho lilikuwa Jefferson, la Rais wa tatu, lenye asilimia 75. Katika sensa ya mwaka 2010, idadi ya akina Washington ilipanda na kuzidi 177,000, na weusi walikuwa zaidi ya asilimia 87.

Takwimu hizo zinaweza kumpotosha msomaji asiye makini. Hazina maana kwamba watumwa wengi walioachwa huru walikimbilia jina la Rais. Katika sensa hiyo hiyo ya 2000, akina Smith walikuwa zaidi ya milioni 2.3, na weusi miongoni mwao walikuwa asilimia 22. Maana yake ni kwamba akina Smith weusi, zaidi ya 500,000, wanawazidi akina Washington weusi mara tatu na zaidi. Jina Washington limeonekana la weusi kwa sababu weupe wenye kulitumia walikuwa wachache tangu mwanzo.

Jambo jingine linaloshangaza ni jina la Abraham Lincoln, Rais aliyetangaza uhuru wa watumwa. Mwaka 2000 akina Lincoln walikuwa 16,070 tu, na weusi walikuwa asilimia 14. Wengi walikuwa na majina yao tayari kabla Lincoln hajasikika.

Nchini Uingereza, jina hilo limebaki la watu wachache. Nchini Marekani limebeba watu kama Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago aliyechaguliwa mwaka 1983, na Walter Washington, ambaye mwaka 1975 alianza kuuongoza mji wa Washington kama meya wa kuchaguliwa, naye akiwa mtu mweusi.

Hata Afrika Mashariki

Nchini Kenya, jina hilo limepata sura nyingine, la kupewa mtoto likatangulia la ukoo. Anayekumbukwa zaidi ni Profesa Washington Okumu, Mkenya aliyewapatanisha wanasiasa wa Afrika Kusini mwezi Aprili 1994, siku chache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, na kukiwezesha chama cha Inkatha kushiriki.

Suala la watumwa kupewa majina ya Kiingereza nalo si geni katika ukanda huu. Katika karne ya 19, watoto waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi ya watumwa walipelekwa India, wakasomeshwa na wamisionari na kubatizwa. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa Myao. Alisoma sala ya maziko wakati moyo wa Dk. David Livingstone ulipozikwa kwa Chitambo mwaka 1873, na mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake London. Maana ya Wainwright ni fundi wa magari ya kukokotwa na wanyama. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika sifa zake.

Kulikataa au kulibeba

Wapo Wamarekani Weusi walioona kuwa kubaki na jina la namna hiyo ni kubaki na minyororo. Malcolm Little aliliacha la ukoo wake na kuweka herufi X, ikiwakilisha jina la Kiafrika lililopotea. Bondia Cassius Clay naye alilitupa lake mwaka 1964, akawa Muhammad Ali.

Walio wengi wameyabakiza. Kwao, jina hilo ndilo uzi pekee unaowaunganisha na waliotangulia. Anayetafuta asili yake hufika kwa urahisi hadi sensa ya mwaka 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote walioachwa huru. Nyuma ya hapo njia hukatika, na mtafutaji hulazimika kufungua daftari za mmiliki, mirathi yake na risiti za mauzo, akimtafuta babu aliyeandikwa baina ya ng'ombe na majembe. Kumbukumbu za ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, ambazo sasa zimewekwa kwenye intaneti, zimewarahisishia wengi kazi hiyo. Ndani yake, watu ambao miaka michache tu kabla walihesabiwa kwa umri na rangi wanaonekana wakitaja majina yao mawili mbele ya karani.