Ushikapo Plau kwa Fundi wa Kuchomelea

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye shamba, plau ikikatika mwezi wa Machi huna nafasi ya kungoja. Huku kwetu Marachi twaipeleka sokoni Bumala kwa fundi wa kuchomelea kwa umeme. Nanyi wa skimu mna fundi wenu, na mashine ni ile ile. Fundi asema, "Shika hapa, mzee." Waishika. Yeye ana kinyago chenye kioo cheusi. Wewe huna kitu. Basi leo naandika habari zako wewe mshikaji, maana maonyo mengi hupewa fundi peke yake.

Mimi karani wa kilimo nilishika hivyo hivyo, nikageuza uso pembeni nikidhani yatosha. Mchana sikuona neno. Saa saba za usiku niliamka macho yanauma kama yaliyotiwa mchanga, machozi yanatiririka, wala sikuweza kutazama taa.

Sababu ni hii. Moto ule wa umeme una joto la maelfu ya digrii, na pamoja na mwanga uuonao hutoka miale usiyoiona. Ni jamaa ya miale ya jua inayochoma ngozi, lakini ni mikali zaidi. Huunguza utando wa mbele wa jicho bila wewe kusikia lo lote, na uchungu huja baada ya saa 6 hadi 12. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku 1 hadi 3. Usilisugue, wala usitie maziwa au maji ya majani. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, kisha uende zahanati.

Miwani ya jua haifai hata kidogo. Kuchomelea plau hutumia umeme wa ampea 100 hivi, na hapo hutakiwa kioo cha kuchomelea cha namba 10 au 11. Ikiwa fundi hana kinyago cha pili, mwambie aifunge plau kwa jiriwa, nawe nenda mbali ukampe kisogo. Na watoto wanaosimama kutazama, wafukuze. Wao ndio hutazama sana.

Jambo la pili ni moshi. Mabati na mabomba ya maji yamepakwa zinki, nayo ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta mchana, usiku waweza kupata homa, baridi ya kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni. Homa hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Lakini kwetu malaria ipo kweli, kwa hiyo usijifanye daktari: kapimwe damu, na useme wazi kwamba ulikuwa penye kuchomelea. Wako wasemao kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni, na moshi umo mapafuni. Tena si homa tu: mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa kuchomelea, pamoja na miale ile, katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kazi ifanyike nje, zinki ikwanguliwe kwanza, nawe simama upande unakotoka upepo.

Umeme wenyewe waujua. Ni volti 240 zinazoingia katika mashine, na mvua ikiwa imenyesha usishike chuma kwa mikono mitupu, umesimama peku matopeni. Simama juu ya ubao mkavu. Waya zikiwa zimechubuka, rudi nyumbani na plau yako.

Limebaki pipa. Pipa lililokuwa na petroli, hata likikauka na kulia ukiligonga, bado lina mvuke ndani, na mvuke huo uliochanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Usilipeleke likatwe liwe hori la ng'ombe. Hori jenga kwa matofali na saruji.