Kliniki ya Mifugo: Kazi Zake na Sababu za Kanuni Zake

Wafugaji wengi humwita daktari wa mifugo baada ya kujaribu kila kitu kingine. Kwanza mnyama hunyweshwa majani machungu, kisha dawa iliyobaki kwa jirani, kisha hungojewa siku mbili tatu. Daktari afikapo, humkuta ng'ombe amelala, hawezi kuinua kichwa. Akifa, mwenyewe husema, "Dawa za kliniki hazifai kitu." Lakini dawa haikupewa nafasi, siku zake zilikuwa zimekwisha pita. Karatasi hii yaeleza kazi za kliniki ya mifugo ya mashambani, na sababu za kanuni ambazo wengi hudhani ni usumbufu tu.

KAZI ZA KLINIKI

Kliniki ya mashambani haichagui mnyama. Hutibu ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda, kuku, mbwa na paka. Hutibu wagonjwa, huchanja wazima, husaidia mnyama ashindwaye kuzaa, huhasi madume, hupandisha ng'ombe kwa mbegu, na hupima damu, mavi na maziwa. Zaidi ya hayo, hulinda kijiji kizima, maana yako maradhi yatokayo kwa mnyama na kumwingia mtu.

Mbuzi, mbwa na kuku yafaa waletwe kliniki, ili mwenye mali asilipe gharama ya safari ya daktari. Ng'ombe mgonjwa asiswagwe mwendo mrefu. Daktari au bwana mifugo atamfuata. Uliza gharama kabla ya kazi kuanza, na ujue kwamba safari na dawa hulipiwa hata kama mnyama hakupona.

KANUNI YA KWANZA: ITA MAPEMA

Tutazame ndigana kali, maradhi yauayo ndama wengi kuliko mengine katika sehemu nyingi za Tanzania. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia akaaye masikioni. Wiki moja mpaka tatu hivi baada ya kuumwa na kupe mwenye vijidudu, tezi iliyo chini ya sikio huvimba, na homa hupanda. Joto la ng'ombe mzima ni digrii 38 hadi 39.3, lifikapo 40 pana jambo. Katika siku hizo za mwanzo mnyama bado hula kidogo, na dawa hufanya kazi vizuri. Baadaye mapafu hujaa maji, mnyama huhema kwa shida na kutoa povu puani. Hapo sindano ile ile, kwa bei ile ile, aghalabu haiokoi kitu.

Basi pitisha mkono chini ya masikio ya ndama wako kila siku. Uvimbe wa tezi ni barua iliyotangulia, usingoje povu.

KANUNI YA PILI: MNYAMA ACHUNGUZWE KABLA YA DAWA

Watu hukasirika wakiambiwa, "Hatuuzi dawa mpaka tumwone mnyama." Sababu ni hii: ndigana kali, mkojo damu, na nagana iletwayo na mbung'o, yote huanza kwa homa, lakini kila moja ina dawa yake. Tone la damu likitazamwa kwa darubini huonyesha adui ni nani. Tena dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama. Dawa pungufu haiui vijidudu vyote. Vinavyobaki huizoea, na mwisho hata jirani aliyefuata kanuni hukuta dawa haimfai.

Daktari akija, mweleze kweli: mnyama aliacha kula lini, aliogeshwa lini, na amekwisha pewa dawa gani. Usione haya. Ukificha dawa ya jana, waweza kumfanya ampe mnyama ile isiyopatana nayo.

KANUNI YA TATU: MAZIWA NA NYAMA ZINGOJE

Baada ya sindano daktari hutaja siku ambazo maziwa yasinywewe wala kuuzwa, na mnyama asichinjwe. Siku hizo hutofautiana kwa kila dawa, na za nyama mara nyingi ni nyingi kuliko za maziwa. Ziandike. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa. Huenda maziwa hayo yakaingia katika kikombe cha mtoto, na vijidudu vilivyo mwilini mwake vikaizoea dawa ambayo siku moja ataihitaji.

KANUNI YA NNE: ZAMU HUFUATA HATARI

Mwenye ng'ombe ashindwaye kuzaa, au aliyevimba tumbo kwa ghafla, au atokwaye damu, atatangulizwa mbele ya aliyefika alfajiri kwa ajili ya minyoo. Chupa ya maji ikipasuka, na muda wa saa mbili ukapita bila ndama kusogea, mwite daktari. Usikusanye vijana kumvuta kwa nguvu; wengi wamepoteza ndama na mama yake kwa njia hiyo.

KANUNI YA TANO: CHANJO INA SIKU YAKE

Chanjo ya ndigana kali huhifadhiwa katika baridi kali mno, na mrija mmoja huwa na dozi za ndama 30 hadi 40. Ukishayeyushwa, lazima utumike siku ile ile. Kwa hiyo kliniki haiwezi kuufungua kwa ndama mmoja. Majirani hawana budi kupatana na kukusanya ndama wao pamoja. Vivyo hivyo chanjo ya mdondo wa kuku: tone moja jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Banda moja likiachwa, maradhi yamepata mlango.

Mbwa nao wachanjwe kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana kwa mtu, dawa ya kumponya haipo.

KANUNI YA SITA: MZOGA WA GHAFLA USIFUNGULIWE

Hii ndiyo kanuni ivunjwayo mara nyingi, na ndiyo iuayo watu. Ng'ombe mzima jioni akikutwa amekufa asubuhi, tumbo limevimba, na damu isiyoganda yatoka puani au nyuma, dhania kimeta. Usichune, usikate, usigawe nyama. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi, vikingoja ng'ombe wengine. Weka watoto na mbwa mbali, uite kliniki. Daktari atachukua damu kidogo kwa uangalifu, na ataonyesha namna ya kuuteketeza mzoga au kuuzika katika shimo refu. Ni uchungu kufukia nyama ambayo ingeuzwa. Lakini hasara ya ng'ombe mmoja isizidishwe kwa maziko ya mtu.

Wazee walisimulia habari za sotoka, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, hata matajiri wakawa maskini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Haikuondolewa na madaktari peke yao. Iliondolewa pia na wafugaji walioleta ng'ombe wao kuchanjwa, na waliotoa habari mapema walipoona mnyama mgonjwa. Kazi iliyobaki ni ya namna ile ile, nayo huanza zizini kwako, kwa mkono chini ya sikio la ndama.