Samaki Aliyerudishwa Majini: Je, Anaishi?



Kila sheria inayomwambia mvuvi "mrudishe majini" imesimama juu ya imani moja, kwamba samaki aliyerudishwa ataishi. Imani hiyo ni kweli? Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kujibu, maana samaki akishazama hatuna tena habari zake. Siku hizi baharini jibu limepatikana kwa papa. Ziwa letu la Nchelenge halina papa, lakini jibu hilo linatuhusu.

CHOMBO KINACHOMFUATA PAPA

Wataalamu humfunga papa chombo kidogo kabla ya kumwachilia. Huchomekwa kwa kishale katika nyama iliyo chini ya pezi la mgongoni. Papa akiogelea, chombo huandika kina cha maji, joto na mwanga. Kwa mwanga huo hujulikana saa ya kucha na saa ya kuchwa, na kutokana na saa hizo wataalamu hukadiria mahali papa alipokuwa.

Ndani ya maji ya bahari mawimbi ya redio hayapiti, kwa hiyo chombo hukaa kimya. Siku iliyopangwa ikifika, umeme mdogo hukila kipini cha madini kinachokishika. Kipini kikikatika chombo huelea, kisha hupeleka habari zake juu kwa setilaiti za mtambo wa Argos, ambao ulianza kazi mwaka 1978.

Papa hana kibofu cha hewa kama walivyo samaki wetu wengi wa ziwani. Akifa, huzama. Basi habari zikionyesha kwamba anapanda na kushuka, yu hai. Zikionyesha ameshuka moja kwa moja hadi vilindini, au amekaa kina kilekile siku kadhaa bila kutikisika, huyo amekufa.

HESABU ILIYOPATIKANA

Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika meli za Kifaransa zinazovua jodari kwa nyavu za kuzingira katika Bahari ya Hindi. Papa waliochunguzwa ni wale wenye ngozi laini kama hariri, ambao hunaswa pamoja na jodari bila kukusudiwa. Wengi wao, 95 katika kila 100, waliletwa melini kwa wavu mkubwa wa kuchotea, wamelaliwa na tani za jodari.

Katika kila 100 waliochotwa hivyo, 72 walikuwa wamekwisha kufa. Waliokuwa hai walirudishwa baharini, na mabaharia wakadhani wameokoa roho. Vyombo vikasema vingine: katika kila 100 walioachiliwa hai, 48 walikufa baadaye. Ukijumlisha, waliokufa ni 85 katika kila 100 waliochotwa. Lakini wale wachache walionaswa katika matundu ya wavu na kutolewa wakati wavu unavutwa, waliokufa ni 18 tu katika 100. Uchunguzi mwingine, wa Bahari ya Pasifiki, ulichapishwa mwaka 2015 nao ukakuta vifo vinapita 84 katika 100.

Tofauti hiyo inatokana na zana na saa. Papa wa aina hii hupumua kwa kuogelea, maji yakipita mashavuni. Wavu ukimbana asiogelee, anakosa pumzi. Akilaliwa na mzigo, matumbo yake yanapondeka, kwa kuwa hana mbavu za kuyakinga. Akifika mikononi mwa baharia, mambo yamekwisha kuharibika.

Hapa ndipo sisi wa chama tunapotia mkazo. Baharia hakuchagua wavu ule, wala hakupanga saa za kazi. Akiambiwa "mwachilie papa", anabeba mnyama mwenye meno juu ya sitaha yenye utelezi, mara nyingi bila zana wala mafunzo, na mwisho papa anakufa. Kama tunataka papa aishi, mwenye meli abadili namna ya kuvua, ili papa atoke kabla wavu haujambana. Lawama isimwangukie mtu wa mwisho katika kamba.

KWETU ZIWANI

Sasa turudi Mweru. Nyavu zetu nyingi hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Pale aliyenaswa usiku kucha, vifuniko vya mashavu yake vimebanwa na uzi na hawezi kupumua. Asubuhi ukimkuta ni mdogo, ukamrudisha ziwani, umerudisha maiti. Chisense wanaovuliwa kwa taa hali yao ni hiyohiyo: wakishamiminwa ndani ya mtumbwi, hakuna wa kurudi.

Kwa hiyo samaki wetu lazima alindwe kabla hajaingia wavuni. Njia zake zinajulikana: upana wa matundu, mahali pa kutega, na majira ya kutega.

Wazee wanalo somo la mpumbu. Samaki huyu aliishi ziwani, na mvua zikinyesha alipanda Mto Luapula kwenda kutaga. Wakati wa ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga walipeleka samaki Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Nyavu zikategwa mtoni njiani mwake, akanaswa na mayai tumboni. Kufikia mwaka 1950 hivi uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeanguka. Mgodi ulipata chakula cha bei nafuu, na mwambao ukabaki na hasara.

NANI ANALIPA?

Upande wa Zambia, kwa miaka mingi uvuvi umefungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki watage. Jambo hili lina maana. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba isiyo na mshahara. Ada ya shule haifungwi, wala njaa haifungwi. Mama anayekausha samaki Kashikishi naye hukosa mtaji, ingawa hajatega wavu hata siku moja.

Tena samaki hajui mpaka. Asubuhi yuko Nchelenge, kesho yuko upande wa Kilwa na Pweto, Kongo. Kufunga upande mmoja peke yake ni kuziba tundu moja katika mtumbwi wenye matundu mawili.

Basi tunadai haya. Nchi zetu mbili zifunge na kufungua ziwa kwa siku moja. Mvuvi asaidiwe kupata kazi nyingine au mkopo wa masharti nafuu katika miezi ya kufungwa. Wauzao nyavu za matundu madogo wafuatwe madukani, si mvuvi peke yake mtumbwini. Na kabla ya kuandika sheria, wataalamu wapime kama inafanya kazi, kama walivyopima kwa papa, na mvuvi aketi nao mezani.

Ndugu, kuheshimu majira ni wajibu wetu. Kuishi katika majira hayo ni haki yetu. Tuyadai yote mawili pamoja, maana umoja ni nguvu.