Patron Mchina ametoa anvelopu nyekundu: utamshukuru namna gani?

Hapa Boyoma kuko wenzetu waliomaliza masomo wanaofanya kazi na Wachina, kwenye shantie ao kwenye magazini. Siku ya ndoa wanaalika patron. Anakuja, anatoa anvelopu nyekundu kwa mikono mbili, anakula, anarudi. Kisha ulizo: tumwandikie nini?

Kwanza, usiifungue mbele yake. Kwao ni aibu.

Tena ujue kwamba kwa Wachina barua ya asante haiko desturi kubwa. Asante inatolewa palepale: bwana na bibi arusi wanazunguka meza kwa meza, glasi mkononi, wanakunywa na wageni. Mgeni anapewa bonbon za arusi, mara nyingi ndani ya kisanduku chekundu. Lakini jambo zito liko mlangoni. Pale kuna mtu na kaye, anaandika jina la kila mgeni na pesa alizotoa. Ile kaye inatunzwa nyumbani miaka na miaka. Siku mgeni yule ataoza mtoto wake, wanaifungua, wanaangalia alitoa ngapi, wanarudisha hesabu ile ao wanaongeza kidogo. Kurudisha kasoro ni kumdharau. (Mama zetu wa likelemba wataelewa hii mbio kuliko sisi wenye diplome.)

Kwa hiyo ile picha moja ya "asante kwa wote" kwenye WhatsApp haitoshi. Mwandikie yeye peke yake, sentensi fupi, ili simu yake isiharibu maana ikitafsiri: "Patron, sisi wawili tunakushukuru kwa kufika na kwa zawadi yako. Ulikaa na wazazi wetu, walifurahi sana." Hesabu ya pesa usiitaje. Ukiandika kwenye karatasi, jina lake lisiwe kwa wino mwekundu, hata kama bahasha ni nyekundu. Kwao ni dalili mbaya. Mpelekee mwenyewe, pamoja na kipande cha keki.

Na siku yake ikifika? Anvelopu nyekundu, noti mpya, hesabu isiyo witiri: 20, 60, 80. Si 40, sababu "nne" kwao inasikika karibu sawa na "kifo". Kama alitoa dola 100 na mshahara wako haufiki, mimi naona utoe unachoweza na uende mapema, ukae mpaka mwisho.

Lakini utakumbuka alitoa ngapi? Nunua kaye, uandike usiku uleule, mbele pesa hazijaisha.